Usilipe hiyo laki tatu kabla hujaiona kozi yenyewe kwenye orodha ya NACTVET, Baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili na mikono inanitetemeka. Mdogo wako wa kike kamaliza kidato cha nne, ana D tano, anataka uandishi wa habari. Mnatafuta chuo cha bei nafuu chenye kiwango, Dar au Mwanza, chenye hosteli, na unauliza kati ya runinga na magazeti wapi kuna ajira. Halafu chini kabisa, kama kitu kidogo tu, umeandika kwamba ofisa udahili wa chuo fulani kakutumia picha ya cheti cha usajili kwa WhatsApp na anataka laki tatu kabla ya Ijumaa ili amshikie nafasi.

Usilipe.

Mimi nilionyeshwa cheti kama hicho mwaka 2016. Kilikuwa kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, kimetundikwa juu ya kabati la mafaili. Ukikaa kwenye kiti cha mgeni unaona nembo na jina la chuo, maandishi mengine huyafikii. Ofisa udahili akakionyesha kwa ncha ya kalamu: "Dada, sisi tuna usajili kamili. Unaanza cheti, unamalizia diploma hapahapa, miaka mitatu, unaenda zako chuo kikuu." Mama alikuwa pembeni yangu, pochi kaipakata. Ndani yake kulikuwa na zamu yake ya upatu. Akahesabu, akalipa, tukashukuru, tukaondoka tumefurahi.

Na kuhusu usajili yule bwana hakudanganya. Chuo kilikuwa kimesajiliwa kweli. Hapo ndipo tunapopigwa wengi, kwa hiyo nielewe vizuri: usajili wa chuo ni kitu kimoja, na ruhusa ya kufundisha kozi fulani kwa ngazi fulani ni kitu kingine. Anayetoka kidato cha nne anapanda kwa ngazi za tuzo za ufundi, zinaitwa NTA. Ya 4 ni cheti cha awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ndiyo stashahada, ile tunayoiita diploma. Kila ngazi mwaka mmoja. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya ngazi ya 4 na ya 5, ya 6 hakina, na bado kile cheti cha ukutani kikabaki halali kabisa.

Changu kilikuwa hivyo. Nikasoma ngazi ya 4, nikasoma ya 5, nikalipa ada ya mwaka wa tatu 1,100,000, nikafanya mitihani, nikafanya fildi miezi miwili kwenye redio, nikapiga picha ya joho. Kwenye kila risiti kulikuwa na mstari wa 15,000 ulioandikwa "NACTE", jina la Baraza kabla halijawa NACTVET. Nilipouona ule mstari nilituliza moyo: kama pesa inaenda kwa Baraza, basi Baraza linanijua.

Mwaka 2019 nikaenda steshenari kuomba chuo kikuu. Mwenye diploma haombi kwa matokeo ya karatasi, anahitaji kwanza namba ya uhakiki inayotoka kwa Baraza, ile AVN, na namba hiyo inatoka kama matokeo yako yamo kwenye mfumo wao. Kijana wa steshenari akaingiza taarifa zangu, hakuna kitu. Akarudia. Akaniuliza kama jina liko sawa na la cheti cha kidato cha nne. Liko sawa. Tukajaribu na la mwenzangu niliyekuja naye. Hakuna kitu. Tukapiga simu chuoni, tukaambiwa mtandao una shida, tusubiri wiki mbili. Tukasubiri sita.

Nikapanda basi mpaka Dar, ofisi za Baraza wakati huo zilikuwa Mikocheni. Dada wa pale alinigeuzia skrini nione mwenyewe. Akasema taratibu, kama anayempa mtu habari ya msiba: "Mdogo wangu, chuo chenu kipo. Kozi ya uandishi ipo, ngazi ya nne na ya tano. Ya sita hapa haipo."

Mwaka mzima, ada, chumba cha kupanga, nauli za fildi, vyote kwa karatasi ambayo hakuna anayeitambua.

Nilirudi kwa yule ofisa. Alikuwa ofisi ileile, chini ya fremu ileile, anasajili watoto wapya. Akaniambia "tupo kwenye mchakato". Miaka mitatu mchakato! Tulipoanza mwaka wa tatu alijua. Alijua tukilipa, alijua tukifanya mitihani waliyoitunga wenyewe, alimwona mama amekaa kiti cha mbele siku ya mahafali. Mtu wa namna hiyo simsamehi, na ada haikurudi hata senti tano. Kikubwa nilichotoka nacho pale ni vicheko vya wenzangu. Chuo kizima kilikuwa na kamera moja tukaiita Bi Harusi, maana kila mtu anaruhusiwa kumtazama ila wa kumgusa ni mmoja. Atakayecheka na acheke, tulikuwa wanafunzi 38 na tulilipa ada wote.

Kilichoniokoa ni kwamba ngazi ya 5 ilikuwa kwenye mfumo, kwa hiyo chuo kingine kilinipokea ngazi ya 6 nikairudia upya. Mwaka huo corona ikaingia, vyuo vikafungwa Machi 2020 mpaka Juni. Ada ya pili mama alilipa kwa mkopo wa kikundi.

Na usiseme mdogo wako ataingia redioni kwa kipaji, diploma itamfuata akiwa kazini. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za 2017 zimeweka kiwango cha chini cha elimu kuwa diploma, na sasa kitambulisho cha uandishi kinatoka Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Bila diploma inayotambulika hapati. Nimewaona watangazaji wenye sauti za dhahabu wakirudi darasani na watoto wao wako sekondari.

Kwa hiyo fanya hivi, leo. Ingia tovuti ya NACTVET, pakua kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu, kiko wazi kwa kila mtu. Kitafute chuo chenyewe. Usiridhike kuliona jina. Shuka mpaka kwenye kozi za chuo hicho, uone uandishi wa habari umeandikwa, uone na ngazi. Kama ngazi ya 6 haipo, basi hapo atasoma mpaka ya 5 na kuhama, na mjue hilo tangu siku ya kwanza. Mle kuna sifa za kujiunga pia, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kwa hiyo D tano zake zinatosha kama hakuna ya dini zaidi ya moja. Na ada imeandikwa! Ukitajiwa tofauti na iliyomo, uliza kwa nini. Kozi zinazotolewa na vyuo vikuu utazihakiki TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu.

Akishapata nafasi kazi haijaisha. Kila matokeo ya muhula yakitoka, ahakikishe yameingia kwenye mfumo wa Baraza. Mimi sikuuliza hata mara moja.

Kuhusu kiwango, kwangu kipimo ni kama chuo kina redio yake iliyo hewani na wanafunzi wanaisogelea maikrofoni. SAUT kule Nyegezi wana redio, Shule Kuu ya Uandishi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana Mlimani Radio na Mlimani TV. Hata huko, angalia kwanza kama mwaka huu wanachukua ngazi anayoitaka. Jina kubwa halikuondolei kazi ya kufungua kile kitabu.

Leo ni Jumatano. Mpigie huyo ofisa sasa hivi, mwombe namba ya usajili ya chuo na ukurasa wa kitabu cha mwongozo ambao kozi ya uandishi ngazi ya 6 imeandikwa. Ukurasa, mkuu. Akikutumia tena picha ya cheti, kata simu, na laki tatu ibaki mfukoni.