Kwa Nini Serikali ya Marekani Hufungwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2025 dada yangu anayeishi Marekani alinisimulia kwamba jirani yake, mtumishi wa serikali kuu, alikuwa akienda kazini kila siku bila mshahara kwa sababu vyama viwili vilishindwa kuelewana juu ya matumizi ya serikali. Inawezekanaje nchi tajiri namna ile ishindwe kuwalipa watumishi wake, na je, jambo hilo laweza kutokea Tanzania? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, fedha zipo, kinachokosekana ni idhini ya kuzitumia. Katiba ya Marekani hairuhusu hata senti itoke Hazina bila sheria ya Bunge, na kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, mwaka wa fedha unapoanza, miswada 12 ya matumizi hupaswa kuwa tayari imepitishwa. Tangu utaratibu huu uwekwe mwaka 1974, Bunge limeikamilisha yote kwa wakati mara nne tu. Miaka mingine serikali huendeshwa kwa sheria za muda, na kila muda unapokaribia kwisha mvutano huanza upya.

Zamani muda ulipopita ofisi nyingi ziliendelea na kazi. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alitoa maoni kwamba kufanya hivyo ni kuvunja sheria, ikabidi ofisi zifungwe, na tangu hapo bajeti imekuwa silaha. Katika Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge hilo, yenye wajumbe 100, muswada wa matumizi kwa kawaida huhitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, kwa hiyo hata chama chenye wachache kinaweza kuuzuia. Mwaka 2013 Warepublican walitaka kuikwamisha sheria ya afya ya Rais Obama, shughuli zikasimama siku 16. Mwaka 2018 Rais Trump alidai dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani, zikasimama siku 35. Mwaka 2025 Wademocrat walishikilia kwamba ruzuku za bima ya afya ziendelee, na rekodi ikavunjwa kwa siku 43. Hakuna chama chenye mikono safi hapa. Tena anayekubali kupatana huadhibiwa na wenzake: Spika Kevin McCarthy, Mrepublican, alipitisha sheria ya muda kwa msaada wa Wademocrat tarehe 30 Septemba 2023, na siku tatu baadaye akavuliwa uspika kwa kura 216 dhidi ya 210.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti, kwa hiyo mbunge anayeikwamisha anahatarisha kiti chake mwenyewe. Marekani hakuna kitu kama hicho, na mishahara ya wabunge huendelea kulipwa. Maumivu huwaangukia wengine, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi. Januari 2019, mvutano ule wa ukuta ukiwa bado unaendelea, waongozaji wa ndege walipokea hati za mshahara zilizoandikwa sifuri huku wakiendelea kushika zamu, hadi tarehe 25, upungufu wa waongozaji ulipochelewesha safari katika uwanja wa LaGuardia mjini New York. Siku hiyohiyo viongozi wakapatana.

Mwaka huo ilitungwa sheria inayowahakikishia watumishi wa serikali kuu malimbikizo yao mara ofisi zinapofunguliwa. Wafagizi na wapishi walioajiriwa na wakandarasi katika majengo hayohayo hawamo katika sheria hiyo.