Akinyi, kuhusu sindano ya nne

Akinyi mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama kweli kuna haja ya kumpandisha mwanao Baraka matatu kutoka Nakuru hadi huku Asembo, Siaya, kwa sindano moja ya chanjo ya malaria, ambayo huko kwenu haitolewi, na ambayo hata hivyo "inapunguza tu". Zile tatu alizochomwa mlipokuwa Kondele, Kisumu, za miezi 6, 7 na 9, unaona zinatosha.

Hilo neno "tu" ndilo lililoninyima usingizi. Ya nauli tuyaache. Kwanza nikwambie habari ya kupunguza.

Unajua nilivyofika Asembo. Msichana wa Bahati, Nakuru, nimekulia kwenye baridi, malaria nikiisikia kwa watu wa ziwa. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilishikwa mara nne. Waliozaliwa hapa walitetemeka siku mbili wakarudi shambani, mimi nilibebwa. Damu yao ilikuwa imezoeana na ugonjwa ule tangu utotoni, yangu ilikuwa ngeni.

Mwishoni mwa 1996 watafiti wakaja na neti zilizochovywa kwenye dawa. Vijiji vya Asembo vikagawanywa kwa kura: nusu vipewe wakati huo, nusu vingoje kama miaka miwili, ili ijulikane wazi kama neti zinaokoa watoto. Baadaye kwa jirani zetu wa Gem nako ikawa vivyo hivyo. Kijiji cha shangazi yako Adhiambo, ng'ambo ya kijito, kikapata. Chetu kikaambiwa kingoje. Wewe ulikuwa na miezi minne.

Nilichukia, Akinyi. Wenzetu walipozichovya upya kwenye makarai na kuzianika, niliziona nikiwa mlangoni pangu, kisha nikageuka kutazama kitanda chako. Jioni moja shangazi yako akavuka akaniambia, "Wifi, nipe mtoto alale kwangu mpaka mvua ziishe." Nikamjibu mbele ya majirani kwamba mwanangu hakuzaliwa aombewe pa kulala. Hakukivuka tena kijito kile kwa misimu miwili ya mvua. Baba yenu alienda kwao peke yake, akarudi kimya.

Ulishikwa mara moja. Usiku wa baiskeli unaujua, sitaurudia.

Baadaye matokeo yakaja. Katika vijiji vyenye neti, vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilipungua kwa asilimia 16 hivi. Wapo waliosema ni kidogo. Mimi lililonikalisha chini ni jingine: hata nyumba zisizo na neti, zikiwa karibu na kijiji chenye neti, ndani ya mita 300 hivi, watoto wake nao walikufa wachache zaidi na upungufu wa damu ukashuka. Mbu aliyeuawa na neti ya jirani hafiki kwako. Nikatoka nje nikahesabu hatua kutoka mlangoni petu hadi nyumba ya kwanza ng'ambo. Zilikuwa 210. Neti nilizozionea kijicho zilikuwa zikikulinda wewe, usiku baada ya usiku, huku mimi nimenuna.

Shangazi yako sijamwambia hadi leo. Siku tulipomzika baba yenu nilitaka kusema, nikaishia kumshika mkono.

Sasa utanijibu kwamba chanjo si neti. Ni kweli, na tangu jana nabishana na nafsi yangu juu ya hilo. Chanjo hii inamzuia kimelea asijikite kwenye ini la yule aliyechanjwa. Haimlindi mtoto wa jirani kama neti zile. Tena Nakuru malaria ni adimu, huenda Baraka akamaliza mwaka mzima huko bila kuihitaji. Hapo una haki. Lakini Desemba mnakuja huku, mvua za vuli zimenyesha, mbu wamejaa, naye anakuja na damu ya Nakuru kama niliyokuja nayo mimi. Mimi nilikuwa mtu mzima. Yeye ana miaka miwili.

Kupunguza si bure. Mmelisikia neno hilo tangu mkiwa wadogo na bado nalisema. Chanjo hii ilijaribiwa katika nchi 7 za Afrika, na huku kwetu Siaya na Kombewa. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4, malaria ilipungua kwao kwa asilimia 36. Waliokosa ya nne, 28. Utasema tofauti ni ndogo. Basi tazama malaria kali, ile ya kukimbizana usiku: waliopata ya nne ilipungua karibu theluthi, na wasioipata, hesabu ilipofungwa, hawakuonekana tofauti na ambao hawakuchanjwa kabisa. Na tangu ilipoanza kutolewa 2019 hapa Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13 katika maeneo ilikotolewa. Mimi natembelea nyumba za watu kama mhudumu wa afya. Hiyo 13 kwangu ina majina na sauti.

Sitakwambia umlete. Ni mwanao. Mama aliyemnyima mtoto wake kitanda chenye neti kwa sababu ya kiburi hana mdomo wa kukuamuru. Ingawa kusema kweli ulimi unaniwasha.

Ila jana nilipita kliniki nikauliza. Wanachanja Jumatano. Akitimiza miezi 24 ndiyo wakati wake, na akichelewa kidogo bado watamchoma. Kitabu chake cha kliniki mlikisahau hapa Pasaka, kiko kwenye kabati la baba yenu, nimekifunika karatasi.

Mkija, teremkeni huku nyumbani kwanza. Nitamwomba shangazi yako atusindikize. Nina deni naye la tangu 1997, na njia ya kwenda kliniki ni ndefu ya kutosha.

Mama yako