Picha za ajabu ukutani: ushauri kwa wachoraji wa Lubumbashi wanaotaka kuonyesha pamoja

Picha iliyochorwa kwa ajili ya kitabu haijazoea kusimama peke yake. Juu yake kuna jina la hadithi, nyuma ya jalada kuna maneno, na msomaji ameshaambiwa yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ni nani na anataka nini. Ukiitoa pale ukaitundika ukutani, maneno yote yanabaki kitabuni. Mimi naishi kwa kuchora kwa komandi, yaani kazi ninazoagizwa na wateja, hapa Lubumbashi, Kongo: vitabu vya watoto, afishi za chanjo, majalada ya hadithi, kuta za maduka. Nimeshiriki na wenzangu wa kazi hiyohiyo maonyesho ya pamoja ya picha za kubuni, zenye majoka, majini ya maji, majitu ya milimani na wafalme wa kale wenye nguvu zisizo za kawaida. Wadogo zangu wengi wananiuliza wafanyeje ili nao waonyeshe. Jambo la kwanza ninalowaambia ni kutafuta picha zinazoweza kusimama bila maneno.

Mchoraji wa majalada huacha nafasi tupu upande wa juu, maana jina la kitabu litakaa pale. Huo ni ufundi wa kazi. Mwenzetu mmoja alileta tablo, yaani picha ya rangi ya kutundika, ya namna hiyo: jitu linavuka mto chini kabisa, na nusu nzima ya juu ni mbingu tu. Kama jalada, ilikuwa nzuri sana. Tulipoiegemeza ukutani wakati wa kuchagua, sote tukawa tunaitazama ile mbingu na kungoja kitu. Hakuikata. Aliichora upya, jitu likapanda hadi uso wake ukapita ukingo wa juu wa picha, mto ukabaki utepe mwembamba kwenye vifundo vya miguu. Siku ya ufunguzi watoto walirudi nyuma na kuinua vichwa, wakitafuta uso uko wapi. Picha ileile ya hadithi ileile, lakini sasa ilikuwa inajieleza yenyewe.

Kuna njia rahisi ya kupima. Mwite jirani asiyeijua hadithi, awe fundi wa nguo au mama muuza unga. Usimwulize kama picha ni nzuri. Kwa heshima atakwambia ni nzuri. Mwulize hapa kunatokea nini, na baadaye kitatokea nini. Akianza kubuni ya kwake, hata kama si yale uliyokusudia, peleka picha hiyo. Akijibu tu "ni nyoka", basi umechora nyoka, hujachora tukio.

Nasikia watu wakisema picha za namna hii ni mambo ya Wazungu na michezo ya kompyuta. Mji huu ungewajibu vizuri. Miaka ya 1970, ukiingia nyumba nyingi za mitaa yetu ya Kenya au Katuba, sebuleni ungekuta tablo ya mamba muntu: mwanamke mweupe wa ngozi, nywele ndefu, saa mkononi, nyoka pembeni, na kuanzia kiunoni samaki. Zilichorwa kwenye vitambaa vya magunia ya unga, zikauzwa kwa wafanyakazi wa migodi na familia zao, na baba wa nyumba aliwasimulia wageni jinsi mtu anavyokutana naye kando ya maji na anavyotajirika, na gharama ya utajiri huo. Ile ilikuwa sanaa ya ajabu, imechorwa na mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo, na wanunuzi walikuwa watu wa mtaani. Sisi hatuanzi kitu kipya.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyoitwa Le Hangar. Aliwakataza vijana kuiga picha za Ulaya, kila mmoja atafute ya kwake. Pilipili Mulongoy akachora samaki, ndege na nyoka waliozungukwa na mapambo hadi hakuna pembe iliyobaki tupu. Mwenze Kibwanga akajenga watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi. Bela Sara akaacha brashi na kupaka rangi kwa vidole. Chuo cha sanaa alichokianzisha hapa mchoraji Laurent Moonens mwaka 1951 kilikuja kuwachukua baadhi yao kama walimu. Ninawataja kwa sababu maalumu. Kijana anapoleta joka la mabawa ya ngozi na mnara wa mawe, kama lile aliloliona kwenye simu, linaning'inia karibu na majoka mengine elfu yaliyochorwa na watu wenye rangi bora kuliko zake. Akileta Nkongolo, upinde wa mvua ambao masimulizi ya Waluba yanasema ni nyoka wawili wanaokutana angani, hana mshindani. Akileta jitu lenye ngozi ya malakiti, ile kijani yenye mizunguko tunayoikuta kwenye mawe ya mkoa huu, mtu wa Lubumbashi anaijua rangi hiyo kwa macho yake na mgeni anaishangaa.

Lakini kubuni hakukuondolei kazi ya kutazama, na hapa nawasihi kwa moyo wote. Kiumbe ambaye hayupo ataaminika kwa sehemu zilizopo. Anayetaka kuchora joka amtazame kenge anavyokunja kiwiko anapotambaa. Anayetaka bawa amtazame popo, aone vidole virefu vinavyoshika ile ngozi nyembamba. Tuna bustani ya wanyama hapahapa mjini. Nendeni na daftari, mkae saa nzima mbele ya mnyama mmoja. Mamba muntu wa mchoraji aliyewahi kushika samaki mbichi, akaona magamba yanavyopishana na yanavyogeuza mwanga, atamfanya mtazamaji anyooshe mkono kutaka kugusa.

Jiandaeni pia kwa swali moja ambalo lazima litaulizwa: je, huu si uchawi? Nyoka, mwanamke wa majini na mizimu si mapambo tu kwa watu wetu. Mama mmoja mwenye rozari mkononi alisimama kwenye mlango wetu akakataa kuingia. Mkubwa wetu katika kundi alimwendea, akamwamkia, akamwomba amsimulie yeye alivyoambiwa na nyanya yake kuhusu mtu wa majini. Walizungumza pale mlangoni muda mrefu, hatimaye mama akaingia, akazunguka picha zote, na mbele ya moja akasema mkia si hivyo. Alikuwa na haki ya kusema. Msiwacheke wanaoogopa, wala msiwatupie maneno ya shule. Kila mchoraji awepo ukumbini zamu yake, ajue kisa cha kila picha, za wenzake pia. Na kama kuna picha ambayo ninyi wenyewe mnaona inatisha mtoto mdogo, itundikeni upande wa ndani, si kwenye mlango.

Sasa suala la wanaochora kwa kompyuta, na siku hizi ni wengi. Tablo ya rangi ya mafuta ipo moja. Faili ipo popote. Mnunuzi anauliza, na ana haki: ninanunua nini? Jibu ni nakala chache zilizochapwa, zenye namba. Amueni idadi kabla ya kuchapa, kwa mfano ishirini, kisha kila moja iandikwe kwa penseli chini ya picha 1/20, 2/20, pamoja na sahihi, na baada ya ishirini hakuna nyingine ya saizi hiyo. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, mji ni mdogo, utajulikana. Faili iwe na ukubwa wa kutosha: karatasi ya A2 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4961 kwa 7016, na kuvuta faili ndogo iwe kubwa hakurudishi maelezo ambayo hayakuwepo. Usiipeleke mahali wanapochapa mabango ya barabarani ukitegemea karatasi ya sanaa. Uliza kwanza wana karatasi gani na wino gani, kwa sababu wino wa pigmenti unavumilia mwanga miaka mingi na wino wa kawaida hupauka. Na jambo ambalo watu wamelipenda kuliko nilivyotarajia ni michoro ya penseli ya mwanzo. Wekeni ile karatasi yenye mistari iliyofutwa karibu na picha iliyokamilika. Watazamaji hukaa pale, wanaona mkono ulivyofikiri, na wengi wasioweza kununua tablo hununua mchoro huo.

Kuhusu ukumbi nitasema kwa kifupi. Katikati ya kila picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, zote kwenye mstari mmoja, na muache pumzi kati ya picha na picha. Tablo yenye kioo isikae mkabala na dirisha, mtazamaji ataona jua na uso wake. Fungueni saa nane au tisa mchana wakati mwanga wa nje bado upo, na taa za kuchaji ziwe tayari, kwa kuwa umeme hautoi taarifa. Fremu za rangi moja kutoka kwa seremala mmoja zinafanya kazi za watu saba zionekane zinazungumza. Kibandiko kiwe na jina la mchoraji, jina la picha, mwaka, vifaa na vipimo, na kiandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa. Nimeona wazee wa mtaa wa Kamalondo wakisoma jina la picha kwa sauti na kucheka kwa furaha, na furaha hiyo ilikuja kwa sababu jina lilikuwa kwa lugha ya nyumbani.

Achaguaye picha asiwe mmoja wenu. Tafuteni mtu mmoja mnayemheshimu wote, asiyeonyesha, mkubali atakayoyakataa. Urafiki wa kazi umeokolewa na mtu wa namna hiyo mara nyingi.

Pesa ziandikwe kabla ya msumari wa kwanza. Mwenye ukumbi anachukua asilimia ngapi ya mauzo, au hachukui? Bei ni ya dola au ya franga, na kwa kima cha siku gani? Nani analipa ikiwa tablo imeanguka? Mnunuzi akitoa nusu, picha inatoka ukumbini au inabaki? Karatasi moja yenye sahihi za wote inatosha. Kisha kuna lile ambalo wachoraji wa komandi hulisahau: kuuza tablo si kuuza haki ya kuichapisha. Sheria yetu ya haki za mtunzi ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, nambari 86-033, na inamlinda mchoraji kama inavyomlinda mwandishi. Mwandikie mnunuzi kwenye risiti kwamba amenunua kitu cha kutundika, wala si ruhusa ya kukiweka kwenye fulana.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mteja wa kitabu. Mwambieni mapema kwamba yeye anapewa picha ya kuchapa, tablo yenyewe inarudi kwenu. Mchoraji Frank Frazetta wa Marekani alisimamia jambo hilo, akarudishiwa tablo za majalada yake. Moja aliyoichora kwa jalada la gazeti la katuni mwaka 1969 iliuzwa mnadani mwaka 2019 kwa dola milioni 5.4. Mwaka 2021 jumba la makumbusho la Norman Rockwell Museum, kule Stockbridge, Marekani, iliandaa maonyesho makubwa ya historia ya michoro ya fantasia, na kazi nyingi za namna hiyo zilianza maisha kama komandi ya mchapishaji. Wachoraji wetu wengi huacha tablo kwa mteja kwa sababu hawakuuliza tu. Ulizeni.

Kuhusu wakati, angalieni kalenda ya Biennale ya Lubumbashi, maonyesho makubwa ya sanaa ambayo shirika liitwalo Picha limekuwa likiyaandaa tangu 2008. Siku hizo mji una wageni wanaotembea kutoka ukumbi hadi ukumbi wakitafuta kazi za hapa, na mlango wenu ukiwa wazi watafika. Kama mmechagua msimu wa mvua, karatasi zisikae usiku kwenye ukuta wenye unyevu, zitajikunja ndani ya fremu. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Futeni kioo kila asubuhi kwa kitambaa kikavu.

Siku ya kutoa picha ukutani ina kazi zaidi ya siku ya kutundika. Pigeni kila tablo picha nzuri mchana kweupe kabla haijaondoka na mnunuzi, mbele na nyuma, muandike imekwenda kwa nani na kwa bei gani, maana miaka ijayo mtataka kuiazima kwa maonyesho mengine. Wagawieni wenzenu pesa zao siku hiyohiyo, kila mmoja ahesabu mbele ya wote na kutia sahihi. Kisha zibeni matundu ya misumari na mpake rangi ukuta wa mwenye nyumba kabla ya kurudisha ufunguo.