Swali la Lugha: Anatafiti mabepari au ubepari?

Msomaji wa Jinja anauliza: "Nitamtambulisha mhadhiri mgeni kwenye kongamano la chuo. Nimeandika: 'Anatafiti mabepari, historia ya mazingira na janga la hali ya hewa, kwani mabadiliko ya hali ya hewa imeathiri wakulima wetu.' Kuna kosa?"

Yapo matatu, na la kitenzi ndilo zito.

Mabepari ni watu, wenye mitaji. Mgeni wako anachunguza mfumo, yaani ubepari. Chukua Buganda. Mkataba wa 1900 kati ya ufalme huo na Uingereza uliweka kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka. Mkulima akahitaji fedha taslimu, na pamba iliyoanza kusambazwa 1903 kwa ajili ya viwanda vya Uingereza ikawa njia ya kuzipata. Shamba likabadilika hata pale ambapo hakuna bepari aliyekanyaga. Ukiandika "mabepari walibadilisha mashamba", msomaji atatafuta majina yao. Ukiandika "ubepari ulibadilisha mashamba", atatazama kodi, bei na soko.

Historia ya mazingira iache ilivyo. Ila usimwite mgeni "mwanamazingira", maana wengi watadhani ni mwanaharakati. Huyu ni mwanahistoria wa mazingira.

Hali ya hewa ni mvua ya leo alasiri. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa muda mrefu, na kipimo cha kawaida cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni miaka 30. Mvua ya mawe iliyolaza migomba juzi ni hali ya hewa. Barafu ya Rwenzori inayopungua kwa zaidi ya karne ni habari ya tabianchi. Redioni bado utasikia "mabadiliko ya hali ya hewa" na watu huelewa, lakini mbele ya wanataaluma andika tabianchi, tena kwa neno moja.

Sasa hiyo "mabadiliko ... imeathiri". Sikio limeshika nomino iliyo karibu, "hali", kitenzi kikaifuata. Kinachotawala ni mabadiliko, ngeli ya LI-YA. Ukiwa na shaka, ziba maneno ya katikati kwa kidole usome: "mabadiliko imeathiri". Hakuna atakayekubali hilo. Kwa njia hiyohiyo utapata "janga la tabianchi limeathiri", si "imeathiri".

Iandike hivi: "Anatafiti ubepari, historia ya mazingira na janga la tabianchi, kwani mabadiliko ya tabianchi yamewaathiri wakulima wetu." Nimeongeza -wa- kwa sababu wakulima hao ni watu, tena wanajulikana.