Ziwa linasinyaa: hesabu mvuke kabla ya kufunga mabomba ya matone

Ziwa lisilo na mto unaotoka hupoteza karibu maji yake yote kwa jua. Eneo lake hupanuka au kusinyaa mpaka mvuke unaopanda ulingane na maji yanayoingia. Kwa hiyo mito ikipungua kwa nusu, usitegemee ziwa lishuke kidogo kisha litulie. Litarudi nyuma miaka na miaka. Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa, ilikuwa na kilomita za mraba kama 68,000 mwaka 1960. Maji ya Amu Darya na Syr Darya yalipoelekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba, eneo hilo lilishuka hadi kama sehemu ya kumi kufikia 2007.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuacha mifereji na kufunga mabomba ya matone, yaani yanayodondosha maji kidogo kidogo kwenye mizizi ya mimea. Ukiishia hapo, ziwa linaweza kukauka haraka zaidi, na hesabu yake ni hii.

Chukua hekta 1 ya zao linalohitaji milimita 500 kwa msimu. Milimita 1 kwenye hekta ni mita za ujazo 10, basi mimea inatumia 5,000. Kwa mfereji na matuta mkulima huchota kama 10,000. Nusu iliyobaki huitwa hasara, ila sehemu yake kubwa huzama ardhini au hutiririka na kurudi mtoni. Sasa afunge matone yenye ufanisi wa asilimia 90: hekta ile ile inataka kama 5,560 tu. Kibali chake cha kuchota maji bado ni 10,000, kwa hiyo analima hekta 1.8. Mimea inakunywa 9,000, na kinachoweza kurudi mtoni hakizidi 1,000. Kipimo cha banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji mferejini, kinasoma kile kile, mavuno yameongezeka, na ziwa limenyimwa hadi mita za ujazo 4,000.

Kwa hiyo, kabla ya bomba la kwanza, chama cha wamwagiliaji kiandike mambo mawili: hekta hazitaongezeka, na kibali kitapunguzwa kwa kiasi kilichookolewa. Hata hapo, nafuu halisi kwa ziwa inatokana na kupunguza mvuke usiozalisha kitu: udongo ulioloana kati ya mistari, magugu ya kingo za mfereji, madimbwi ya mwisho wa shamba. Matandazo, palizi ya mapema na mbegu inayokomaa mapema hufanya kazi kubwa hapa, tena kwa gharama ndogo.

Kupima maji ya mfereji hakuhitaji mtambo. Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 10. Pima upana, na kina katika sehemu tatu, kisha utoe wastani. Dondosha chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, uhesabu sekunde hadi alama ya pili. Rudia mara tano, utoe wastani, kisha ugawanye mita 10 kwa sekunde hizo upate mwendo. Zidisha mwendo kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kisha kwa upana na kina. Mfereji wa upana wa mita 1 na kina cha mita 0.3, chungwa likitumia sekunde 20, unapitisha lita 120 kwa sekunde. Ukiachwa wazi kwa muda wa saa 12 umechota zaidi ya mita za ujazo 5,000, yaani mahitaji ya msimu mzima ya ile hekta yetu. Wengi hushtuka wakiona namba hii, na mara nyingi ndipo malango ya mfereji huanza kufungwa usiku.

Chumvi nayo isisahaulike. Maji yenye gramu 0.5 za chumvi kwa lita huacha tani 2.5 kwenye hekta kwa kila mita za ujazo 5,000. Kwenye matone chumvi hujikusanya ukingoni mwa duara lenye unyevu, na mvua ndogo huisukuma kwenye mizizi. Mvua ya namna hiyo ikianza, usizime mfumo. Endelea kumwagilia hadi mvua iwe ya kutosha kuishusha chumvi chini.

Matumizi ya ardhi huamua maji ya mto yanafika ziwani lini. Mteremko uliofyekwa hutoa mafuriko ya siku chache, kisha mto unakauka kiangazi. Lima kwa kufuata kontua, yaani mistari ya mwinuko ulio sawa inayokata mteremko, na acha ukanda wa majani na miti kandokando ya mto. Visima karibu na mto vihesabiwe kwenye kibali kile kile, maana mara nyingi huvuta maji yaliyokuwa yakielekea mtoni.

Mwisho, simika ubao wa kupimia kina pale mto unapoingia ziwani, chini ya banio la mwisho. Kubalianeni kiwango cha chini kabla ya kiangazi, wakati hakuna zao linalonyauka. Asomaye ubao kila asubuhi asiwe na shamba kwenye skimu ya umwagiliaji, na kina kikishuka chini ya alama, malango ya juu ndiyo yaanze kupunguzwa.