Mkuu hiyo gundi usiifungue: kuhusu mpira wa kuzuia barafu ya propela ubavuni

Mkuu hiyo gundi usiifungue kwanza. Nimesoma ulichoandika mara mbili. Umechukua ndege ya injini mbili ya piston iliyotumika, imetokea Afrika Kusini, ubavuni usawa wa propela pande zote mbili bodi imebonyea bonyea na rangi imebanduka sababu ya barafu iliyokuwa inarushwa na mapanga, na fundi kakwambia nenda Gerezani kanunue mpira, paka gundi ya viatu, bandika juu ya hapo hapo, kazi ya jioni moja. Unauliza mpira uwe wa unene gani, gundi ipi, utaongeza uzito kiasi gani, na zile boots za umeme za kwenye propela, yaani mipira inayopashwa joto kubandua barafu kwenye mapanga, kama kuna haja ya kuzifufua. Najibu kwa sababu hicho kitu nilikifanya mimi mwenyewe, hivyo hivyo anavyokwambia fundi wako, na kiliniumiza.

Nilikuwa naangalia ndege ya bosi mmoja, Cessna 402, inapiga Dar, Mafia, Songo Songo, Zanzibar, na mara moja moja inapandishwa juu kwenda Kigoma au Nairobi. Masika ya mwaka huo ilikuwa inarudi Kigoma na mizigo tu, rubani kavaa oksijeni yake, kapanda mpaka futi 17,000 na kitu anatafuta juu ya mawingu na hakufika juu ya mawingu. Huku kwetu nyuzi sifuri unazikuta kwenye futi 15,000 mpaka 16,000 hivi, kwa hiyo pale alikuwa ndani ya barafu kabisa. Akatuambia ilikuwa kama watoto wanarushia mawe nyumba ya bati. Usishangae, propela ya hizi ndege ina kipenyo cha karibu mita mbili, ikizunguka mara 2,500 kwa dakika ncha yake inakwenda kama mita 250 kwa sekunde, na hata barafu iliyoshika katikati ya panga ikiachia inaondoka na nusu ya mwendo huo, na bodi iko hapo hapo jirani. Ndio maana ndege za injini mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya barafu zinakuja na bamba la mpira au la bati zito ubavuni. Ya kwetu ilikuwa nayo zamani, ikavuliwa na mtu fulani huko nyuma, na sasa tukawa na bonde la ukubwa wa kiganja upande wa kushoto na rangi imetoka kama imekwanguliwa na kisu.

Sasa hapo ndipo akaja huyo mtu. Simtaji jina. Alikuwa mkubwa pale hanga, sauti yake ikisikika wengine tunanyamaza. Akapitisha kidole pale, akasema bati zima hili, piga msasa mpaka ling'ae, bandika mpira, sogea mbele. Nikamuuliza, na praima, ile rangi ya kwanza ya kulinda bati? Akanijibu mbele za watu, "Gundi yenyewe ndio praima." Nimekaa na hayo maneno miaka mingi na kila nikiyakumbuka damu inachemka, kwa sababu mimi nilikuwa najua kwamba si kweli, nilifundishwa darasani kwamba si kweli, nikakaa kimya kwa kuwa yeye mzee na mimi kijana. Mpira na gundi vilitoka kama shilingi 110,000. Tulimaliza saa kumi na mbili jioni, ukawa umekaa vizuri mno, mweusi, umenyooka, bosi akapiga picha.

Miezi kumi na nne baadaye tupo kwenye ukaguzi wa mwaka nikaona chini kabisa ya mpira wa kushoto kuna mstari mweupe umeshuka kama machozi. Ndege ilikuwa imekaa ndani siku mbili, hakuna mvua iliyoipiga. Nikabonyeza ule mpira kwa kidole gumba. Ukatoka maji. Mkuu, siku mbili ndani ya hanga na mpira unatoa maji! Nikaonja kwa ncha ya ulimi, chumvi. Nikaanza kuuvuta kutokea kona ya chini na kisu cha plastiki, haukuwa na ubishi hata kidogo, gundi ilishaachia, unabanduka kama ngozi ya ndizi iliyoiva, na nyuma yake kulikuwa na unga. Unga mweupe wa kijivu kijivu, umeganda mabonge mabonge kama unga wa muhogo ulioingiwa na unyevu. Nikaufuta na kitambaa, chini yake bati limechimbika vishimo, na pale mabati mawili yanapopandana lilikuwa limevimba, yaani kati ya riveti na riveti, ile misumari inayobana mabati, limetuna kama mto, kwa sababu hiyo kutu ya aluminiamu ikishazaliwa inachukua nafasi kubwa kuliko bati lenyewe, inasukuma. Nikagusa kichwa cha riveti moja kwa ukucha kikatoka. Cha pili kikatoka. Nikasimama pale nimeshika vichwa vya riveti mkononi kama punje za mahindi.

Upande wa kulia ulikuwa na nafuu kidogo, si sana.

Sasa sikiliza kilichotokea kitaalamu, maana hapa ndipo fundi wako atakupotosha. Bati la bodi si aluminiamu tupu. Ndani ni aloi yenye shaba, ile 2024, ina nguvu lakini inaliwa na kutu haraka, ndio maana kiwandani wanaivisha pande zote mbili tabaka jembamba la aluminiamu safi, inaitwa alclad. Tabaka lenyewe kwa mabati haya membamba ni kama asilimia 5 tu ya unene kila upande. Bati la milimita 0.8, alclad yake ni milimita 0.04. Mimi nikapiga msasa "mpaka ling'ae". Yaani kinga yote niliikwangua kwa mkono wangu, nikaacha aloi uchi, bila dawa, bila praima, nikaifunika na mpira ambao gundi yake haikutengenezwa kukaa na jua la Terminal 1 ya uwanja wa Dar saa nane mchana na kisha baridi ya futi 10,000 nusu saa baadaye. Kingo zikainuka kiasi cha nywele tu. Ndege inatua Mafia na upepo wa bahari, inaoshwa, inanyeshewa, maji ya chumvi yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea. Umeshatengeneza chungu, unakipika kila siku.

Na fikiria jambo hili: wewe unakaa Dar. Ukiruka Zanzibar na Mafia hutaiona barafu kabisa, ukienda mbali na juu utaiona mara chache kwa mwaka. Chumvi unaiona kila siku ya Mungu. Bonde la barafu nililolifunika lilikuwa la rangi na kina kidogo, lingeweza kupimwa na kuachwa au kutengenezwa kwa wiki. Kilichotokea ni kukata bati pande zote mbili, fremu moja ikaongezewa kiraka, ndege ikakaa chini miezi minne na bili ikapita milioni 30. Bosi hakunifukuza, aliacha kunisalimia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Yule mkubwa nilipomwonyesha alisema "mpira ulikuwa feki" akaenda kunywa chai.

Kwa hiyo mkuu sheria yangu ni moja: usifunike bati ambalo hujaliona, na ukilifunika usilifunike kwa namna ambayo huwezi kulikagua tena. Hapo ulipo sasa rangi imeshabanduka, ndege imetoka umbali wote huo, hujui chini ya ile rangi inayobaki kuna nini, hujui kama mwenye ndege wa zamani naye alikuwa na "fundi" wake. Vua rangi yote eneo lile kwa dawa ya kuvulia, kisu cha plastiki, usiguse na brashi ya waya wala stili wuli, vile vipande vya chuma vinazama ndani ya aluminiamu na vinaanzisha kutu yake yenyewe. Mulika tochi kwa pembeni, si moja kwa moja, uone kama limevimba kati ya riveti. Ukikuta vishimo, vinaondolewa taratibu, halafu bati linapimwa unene uliobaki na kulinganishwa na kitabu cha matengenezo cha ndege yako, na ile AC 43.13-1B, mwongozo wa matengenezo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ina sura nzima ya kutu, sura ya 6, isome usiku huu. Likiwa safi linapakwa dawa ya kromati, ile Alodine, afu praima ya epoksi, afu rangi, likauke siku zake zote, ndipo mpira uliotengenezwa kwa ndege na gundi yake iliyoandikwa kwenye michoro, na kingo zote zinazibwa na silanti. Usifunike tundu la kutolea maji na usisogee karibu na tundu za static, zile zinazopima mgandamizo wa hewa ya nje, ukingo wa mpira ukivuruga hewa pale altimita, kipimo cha urefu wa kuruka, itakudanganya. Na yote haya yaandikwe na injinia mwenye leseni kwenye logibuku, uzito na mizani vipigwe upya, maana ndege ikikaguliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kitu kisicho na karatasi hakipo.

Atakuja na mwingine atakwambia achana na mpira, piga bati la stenles na riveti, ni la maisha. Stenles juu ya aluminiamu, katikati maji ya chumvi, umetengeneza betri, na kinacholiwa ni bodi yako si ile stenles. Sheria ile ile.

Boots za propela ndiyo zifufue, panga moja likipata joto na jingine likakosa barafu inaachia upande mmoja mabonge makubwa na injini inatetemeka, sindano ya ampea, kile kipimo cha umeme wa boots, ndiyo itakwambia. Lakini hilo linasubiri. Bati kwanza.

Kesho asubuhi anza na upande wa kushoto, vua, kausha, piga picha mbili, moja ya kawaida na moja umemulika tochi kwa pembeni, kama kuna mpira au gundi ya zamani piga na nyuma yake, ziweke hapa niangalie. Na ile gundi kama risiti bado unayo irudishe dukani.