Coton de Tuléar: mbona nywele hushikana kila akishaoga?

SWALI: Nina mbwa jike aina ya Coton de Tuléar, miezi 10. Namwogesha kila wiki na kumpiga brashi, lakini siku hizi kila akikauka nywele zimeshikana mafundo. Jirani anasema nimnyoe kipara, eti ni mbwa wa Ulaya, hawezi joto letu. Nifanyeje?

JIBU: Jirani yako amepatia nusu. Wazazi wa kale wa mbwa huyu ni mbwa weupe wadogo wa Ulaya, wa ukoo wa Bichon, waliofika Madagaska kwa meli. Lakini aina yenyewe ni ya huko Madagaska, pande za bandari ya Toliara kusini-magharibi, ambayo Wafaransa waliiita Tuléar. Coton ni pamba kwa Kifaransa. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lilimtambua mwaka 1970.

Mafundo yanatokana na umri wake, na maji yanayazidisha. Karibu na mwaka mmoja nywele za utotoni hupisha za utu uzima. Zile za zamani haziangukii sakafuni, hunasa katikati ya mpya. Brashi hupita juu, wewe unaona laini, kumbe chini kwenye ngozi zimeshaanza kushikana. Ukizilowesha hivyo, zikikauka zinakaza kama sufu iliyofuliwa vibaya.

Kwa hiyo chana kwanza, ndipo uoshe. Usichane zikiwa kavu kabisa, zitakatika. Nyunyizia maji yenye kondishna ya mbwa, kipimo kimoja kwa maji kumi. Mlaze ubavu, gawa nywele kwa mstari hadi uone ngozi, tumia brashi ya pini zisizo na vidonge nchani, kisha kitana cha chuma. Kitana kikipita toka ngozini hadi nchani bila kukwama, songa sentimita moja na ugawe mstari mwingine. Nyuma ya masikio, makwapani, kinenani na chini ya ukanda wa shingo ndiko kunakoanza. Fundo lishike kwenye shina ili usimvute ngozi, lipasue kwa vidole, chana kuanzia nchani. Usilikate kwa mkasi: ngozi huvutika ndani ya fundo, na majeraha mengi hutokea hapo.

Hadi nywele mpya zitulie, chana kila siku. Baadaye mara tatu au nne kwa wiki. Kuogesha, kila wiki mbili au tatu kunatosha. Suuza hadi maji yatoke bila povu, kamua kwa taulo bila kusugua, kausha kwa drai ya joto la chini huku ukichana.

Kipara, hapana. Ngozi chini ya nywele nyeupe huungua na jua. Kama huna muda wa kuchana, mpunguze abaki na sentimita 2 au 3, na kupe utawaona upesi zaidi. Mafundo yakishakuwa tandiko moja lililogandamana na ngozi, hapo mashine ni huruma kuliko kitana, ila aishike mzoefu. Na ukikuta ngozi nyekundu, yenye majimaji au harufu chini yake, usimwogeshe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.